Sauna Isiyo na Paa

Gun-Britt alimimina kahawa katika vikombe viwili, akakiweka kimoja kando ya mto aliolalia mumewe, Evert, ambaye tangu wiki iliyopita alikuwa hospitalini akipumua kwa mashine.

"Hawezi kunywa, mama," alisema Daktari Sixten Hallgren.

"Najua. Akishanusa nitakinywa mimi."

Sixten aliketi. Ubongo wa Evert ulikuwa umeharibika kiasi cha kutoweza kupona, na figo zilikuwa zinafuata. Daktari wa pili alikuwa amempima na kukubaliana naye, kama kanuni za Uswidi zinavyotaka. Mashine ingezimwa leo.

"Nikikataa?"

"Sheria hainilazimishi kutoa tiba isiyosaidia. Na uamuzi si wa familia."

"Kwa hiyo hukuja kuniuliza. Umekuja kunipa taarifa."

"Ndiyo."

"Sawa. Hata Evert alikuwa hivyo hivyo." Alimega andazi la mdalasini, akatafuna taratibu. "Nipe mpaka Alhamisi."

"Alhamisi hatakuwa amepona."

"Nani kasema apone? Nataka afike tu."

Maombi ya namna hiyo Sixten aliyazoea. Kwa kawaida kulikuwa na mjukuu aliyekuwa njiani kutoka Australia. "Kuna mtu mnayemsubiri?"

"Hakuna. Daktari, huyu mtu hajawahi kumaliza kitu. Sauna aliyoijenga, kile kibanda cha kuogea mvuke, haina paa. Tunakaa uchi humo theluji ikituangukia. Mashua yake ina rangi upande mmoja. Hata kufa, naona, mpaka umsaidie."

Sixten alijikuta anacheka, akajizuia.

"Kuna jambo moja alilianza kabla hajaanguka," aliendelea Gun-Britt. "Nililipinga. Nikamchelewesha nusu mwaka mzima, nikijua atachoka, kama kawaida yake. Hakuchoka. Hilo atalimaliza, hata kama ni mimi wa kumshikilia."

Sixten alipima hoja. Mgonjwa hakuwa na maumivu. Sheria ilimruhusu kuzima mashine, lakini haikumpangia siku.

"Alhamisi mchana," alisema. "Si zaidi."

Nje ya chumba alimwambia muuguzi kwamba miaka mingi hajaona mapenzi kama yale.

"Au amelipia maegesho ya gari mpaka Alhamisi," alisema muuguzi, "hataki hela ipotee."

Alhamisi Gun-Britt alikuja tena na chupa ya kahawa, akamimina vikombe viwili, akakaa. Sixten alisimama karibu na mashine, asiangalie saa.

Simu ilipoita, Gun-Britt alisikiliza, akashukuru kwa adabu, akakata. Alihangaika kidogo na pete kidoleni, ikatoka, akaitumbukiza katika kikombe cha Evert.

"Sasa unaweza kuzima, daktari."

Kisha akamwinamia mgonjwa sikioni.

"Hongera, Evert. Mahakama imekupa talaka yako."