Filimu ya Kwanza ya Bénita

Bénita alikuwa bado anajifunza kupiga picha, na siku moja alifungua kamera kabla filimu aliyowapigia watu wa kambi ya wakimbizi haijakunjwa tena ndani ya kopo lake. Mwanga ukaila yote. Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia tu, "Utazoea."

Kesho yake, mama mmoja aliyekimbia vita vya Masisi alifika mlangoni mwa studio, miguu imejaa vumbi jeusi la kambi. Kitenge kilikuwa kimefungwa vizuri mgongoni mwake, lakini hakikubeba mtu.

"Nimekuya kutwaa picha ya mutoto," alisema. "Tulimuzika jana. Ni kuhara."

Bénita alitamani kumwambia arudi siku nyingine. Lakini mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

"Mama, picha haiko. Niliiharibu mimi. Niko ninajifunza bado."

Mama hakulia. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akapeleka mkono mgongoni, akapapasa mkunjo wa kitenge.

"Mule ndani ya mashini ya picha, ulimuona?"

"Nilimuona, mama."

"Basi uniambie vile alikuwa."

Bénita akafumba jicho moja kama anayechungulia kamerani, akaanza na nywele za mtoto.