Dole Gumba la Kulia

Teke la pili liling'oa komeo, na Kifaru akaingia na nyundo mkononi. Mume na mke walikuwa mezani. Chai ikamwagika.

"Nani hapa anapiga piano?"

Mwanamke alifungua mdomo. Mumewe akamsukuma hadi akajigonga ukutani. "Nyamaza wewe! Nenda jikoni!" Kisha akamgeukia mgeni. "Ni mimi."

Kifaru alimchukia papo hapo. Kuvunja watu kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine, lakini mwanamume wa kumsukuma mkewe namna ile alimtia kichefuchefu. Alimzaba kofi la kumtoa damu puani, akamburuta hadi kwenye piano.

Hakuwa mjinga, hakutaka kuvunja asiyehusika. Bosi wake, ambaye mwanawe alikuwa akishindana jioni ile kwenye mashindano ya jazi, alimpa maelezo kamili: huyo wa ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani, noti za muziki zinamtoka kama maji, kwa sababu dole gumba linawahi kupita chini ya vidole vingine na mkono hauruki. Dole hilo likivunjika, mshindi ni mtoto wa bosi, na zawadi, kazi ya mwaka mzima ya kupiga piano hotelini, ni yake.

"Piga. Haraka."

Mume alijifuta damu, akaanza, akajikwaa katikati. Kifaru akainua nyundo.

"Usifanye hivi, mume wangu," mke alilia mlangoni. "Nakuomba."

Mume hakumtazama. Akaanza upya, na safari hii mkono ukapanda na kushuka mbio, dole gumba likipenya chini bila kukwama. Halafu akaacha.

"Endelea."

"Hicho kinakutosha. Ukitaka zaidi, nunua tiketi."

Kifaru nusura acheke. Aliubana mkono ule juu ya mbao, akapiga. Mfupa ukapasuka. Akapiga tena, hilo la pili kwa niaba ya mke. Mume alipiga ukelele hadi sauti ikamkauka. Mwanamke alimrukia Kifaru, akamng'ata bega, akamparura shingo. Kifaru akambandua taratibu.

"Pole, shemeji. Siku moja utanishukuru."

Jioni alikaa ukumbini kando ya bosi, shati safi, kola imefungwa kuficha mikwaruzo. Mtoto wa bosi alipiga vizuri, akashangiliwa.

"Wa mwisho haji," Kifaru alinong'ona. "Nimeumaliza ule mkono."

Bosi akatabasamu. Pazia likasogea, na mume akatoka taratibu, uso umevimba, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Huyo ni nani?" bosi akauliza.

Kwa mkono wa kushoto mume akavuta kiti cha piano, akasogea pembeni, mkewe akaketi.