Sala Baada ya Kura

Kwa miaka ishirini na miwili, kila kikao cha baraza la mji mmoja mdogo wa Marekani kilifunguliwa kwa sala ya mchungaji Haskins. Jioni hiyo madiwani walikutana kupiga kura ya kuiondoa. Aliyeleta hoja alikuwa diwani Renata Voss.

"Ukumbi huu ni wa watu wote," alisema Renata, "hata wasiosali."

Haskins alisimama. "Taifa likiona haya kumtaja Mungu hadharani, kesho litaona haya kumtaja jirani. Mimi hapa sikuliombea kanisa langu. Niliwaombea ninyi."

Kura zikawa nne kwa tatu, na sala ikaondolewa. Haskins akachukua koti lake akatoka kwa hasira.

Kwenye korido alisikia viatu vikimfuata mbiombio. Alikuwa Renata.

"Mchungaji, mume wangu anapasuliwa moyo kesho asubuhi. Naomba umwombee."

"Umenifunga mdomo mbele ya watu, halafu unanifuata huku?"

"Mle ndani nilisema ninachokiamini, na bado nakiamini. Ila naogopa."

Haskins alikuwa na jibu kali, tena tamu ulimini. Akalimeza.

"Anaitwa nani?"

"Ansel."

Akamshika mkono, akainamisha kichwa. Madiwani waliokuwa wakitoka ukumbini wakakwama mlangoni, wasijue kama wapite au wafumbe macho.