Ya Mwanao Ijumaa

"Watoto wenu wanalala chandarua kimoja, mbona mmoja kapona na mwingine homa imemlaza?" Jirani alimuuliza Semeni hivyo kisimani.

Sasa amekaa wodini, amempakata binti yake aliyekwisha kupona. Kitandani amelala mtoto wa wifi yake Mwanahawa, dada wa mumewe. Tangu degedege limshike, mtoto huyo hajafumbua macho.

Muuguzi akaja na sindano. "Dada, naomba damu kidogo ya huyu aliyepona. Malaria yao ni ile ile. Tunataka kujua kinga ya mwili wake ilipiganaje, maana ya mwenzake imewaka mno hata inamuumiza mwenyewe."

"Itamsaidia mwanangu?" Mwanahawa, aliyekaa upande wa pili wa kitanda, aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekesha.

"Yeye tunamtibu kwa dawa, mama. Hii ni kwa watakaokuja."

"Basi kubali atolewe, wifi. Mungu atatulipa."

Semeni akasita, kisha akakunja mkono wa gauni la binti yake. Juu ya kiwiko palikuwa na hirizi ya ngozi, bado mpya.

"Nani kamvika?" Mwanahawa aliuliza.

"Mama."

"Mama yangu mimi?"

"Alisema ya mwanao angeishona Ijumaa hii."

Muuguzi akasema hirizi haizuii malaria, lakini hakuna aliyemsikiliza. Semeni akaifungua kwa meno, akaifunga kwenye mkono wa moto wa yule mgonjwa. Mwanahawa akaitazama. Akaifungua taratibu, akaiweka kiganjani mwa wifi yake, akajifunga kanga vizuri, akatoka kwenda kwa mama yake.