Jina Kwenye Fomu ya Homa

Kwa sheria ya siku hizi, kila familia ina mtu mmoja wa kuugua. Kijidudu kipya kikizuka, huambukizwa yeye peke yake, ili seli zake za kinga ziunde vipokezi vya kukitambua. Akipona, seli hizo huzalishwa maabara na kudungwa ndugu zake, nao hawapati hata mafua.

Kwao Same, mtu huyo alikuwa Naelijwa. Alipokuwa na miaka kumi, mama yake alimwambia kura imemwangukia. Tangu hapo aliugua homa kumi na tisa. Moja ilimziba sikio la kushoto, lakini hakuwahi kulalamika.

Juzi alikwenda zahanati kuomba kura ipigwe upya, kwa sababu alikuwa na mimba.

"Kura gani, dada?" muuguzi alishangaa. "Mzazi ndiye anayeandika jina."

Akamwonyesha fomu. Jina la mdogo wake, Niendiwe, lilikuwa limekatwa, na juu yake mama alikuwa ameandika Naelijwa.

Alimkuta mama jikoni akichambua mchicha.

"Mama, kwa nini mimi?"

Mama aliendelea kuchambua. "Niendiwe alikuwa anafanya vizuri shuleni. Nawe ulikuwa na mwili mgumu, mwanangu."

"Sasa nina mimba. Siwezi kuugua tena."

"Najua," mama alisema kwa upole, akipangusa mikono. "Wanasema seli za mtoto wa mwenye kuugua hujifunza kutambua vijidudu haraka zaidi. Fomu ya mtoto nimeshaichukua."

Akanyoosha mkono kumgusa tumbo. Naelijwa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.