Mjitoleaji Bora wa Mwezi

Onésime alipokea kikombe cha saba cha zawadi kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akasema kwa upole kwamba Jumamosi ijayo itakuwa siku yake ya mwisho.

Mama Vénantie, mwenyekiti wa chama cha kugawa nguo za baridi hapo mtaani Fittja, ikabidi akae chini. Chama kilikuwa na kamati ya watu saba, wote viongozi, na mtu mmoja wa kufanya kazi. Mwenye jengo aliwapa ukumbi kwa sharti dogo tu: kila Jumamosi awepo mtu wa kujitolea asiyetoka kwenye kamati. Onésime akiondoka, na ukumbi umekwenda.

"Papa Onésime, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, Mama. Nimeona tu bora niache."

Kamati ikaitishwa mchana huohuo. Jamani, chama kile kilijua kushukuru. Mbali na vikombe, walishampa fulana ya mikono mifupi, tena Januari. Laurentine, katibu, alimtungia wimbo wa beti tano na akauimba wote. Onésime alikuwa Mjitoleaji Bora wa Mwezi kwa miezi kumi na minne mfululizo, bila mpinzani, na picha zake zote kumi na nne zilikuwa ukutani. Katika kila moja alivaa kizibao cha njano cha chama juu ya kikoti kilekile chepesi cha mvua.

"Labda amechoka kusimama mlangoni na baridi hii," Laurentine akasema.

"Nani, yule?" Mama Vénantie akacheka. "Yule ametoka milima ya Kivu. Theluji imejaa huko nje, yeye anakuja na kikoti cha mvua na sweta mbili. Baridi wanaisikia watu kama sisi."

Kamati nzima ikaafiki, kila mmoja akiwa amejikunyata ndani ya koti lake zito, maana ukumbi ule nao hita zake zilikuwa za kubembeleza.

"Basi ni wale wa chama cha mtaa wa Hjulsta," mmoja akasema. "Wanamtupia ndoano. Nasikia kwao wa kujitolea wanapewa maandazi."

Hilo la maandazi liliwauma. Mama Vénantie akakumbuka walivyompata mtu huyu. Ilikuwa Novemba ya mwaka juzi, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, na Cyriaque, wa kujitolea aliyekuwepo, alikuwa ametoweka asubuhi hiyo na makoti matatu aliyojichagulia. Ndipo Onésime akatokea mlangoni, mpole, mrefu, kama vile ameletwa na malaika. Laurentine akamvika kizibao hata kabla hajamaliza kusalimia. Hakubisha. Wiki iliyofuata kamati ikatunga sheria kwamba anayejitolea asichukue nguo ya chama, hata soksi, na Onésime mwenyewe ndiye aliyeibandika ukutani. Utampata wapi mtu kama huyo tena?

Ikaamuliwa ifanyike sherehe ambayo hao wa Hjulsta wataisikia hukohuko kwao. Keki, kitambaa chenye jina lake, na ngao ya mbao iliyoandikwa "Moyo wa Dhahabu". Likazuka swali la nani atapanga viti. Kamati ikatazamana. Ikakubaliwa Onésime aombwe kufika saa moja mapema.

Jumamosi akafika, akapanga viti, akapasha kahawa, akaikata keki yake vipande sawa. Mama Vénantie akahutubia kwa dakika ishirini na tano. Mwishoni akalia, na alilia kweli. Alimpenda yule mtu, na ukumbi aliupenda vilevile.

"Tuambie, Papa Onésime. Bado hubadili mawazo?"

"Hapana, Mama. Asanteni sana."

Akavua kizibao, akakikunja vizuri, akakiweka mikononi mwa Mama Vénantie.

"Sasa nimeacha rasmi?"

"Umeacha," Mama akajibu.

"Hata kwenye daftari?"

Laurentine akafungua daftari na kulikata jina lake huku akijifuta machozi. Onésime akahakikisha limekatwa. Akawapa mkono wote saba, mmoja mmoja, akaibeba ngao yake na kutoka nje.

Mama Vénantie akaegemea meza. Nje kulikuwa na foleni, na hao watu walipaswa kuambiwa kwamba leo ndiyo mwisho. Moyo ukakataa. Akaamua wagawiwe kwanza, ataongea baadaye. Akamfungulia mlango kila aliyekuwepo, na mmoja baada ya mwingine wakavuta vikaratasi vya namba kwenye kimashine cha foleni kilicho ukutani, wakakaa kusubiri.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya chama, kamati ikagawa nguo. Watu wazima wakapewa kofia za watoto. Bibi mmoja akaondoka na buti mbili za mguu wa kushoto, na hakuna aliyejua glavu zinawekwa wapi. Ilichukua zaidi ya saa moja kufika namba kumi na mbili.

"Kumi na mbili," Mama Vénantie akaita, jasho linamtoka, bila kuinua macho.

Vikaratasi viwili vikawekwa mezani. Kimoja kilikuwa cha leo, namba kumi na mbili. Cha pili kilikuwa namba arobaini na saba, kimechakaa, tarehe yake ni ya Novemba mwaka juzi.

"Koti zito, Mama," Onésime akasema. "Makoti yapo rafu ya chini, kushoto. Siku ile nilivikwa kizibao kabla zamu yangu haijafika."