Figo la Dada

Fundi bomba alikuwa macho kitandani. Ganzi ilikuwa imeshika nyonga zote mbili, na daktari alikuwa akipandisha waya mwembamba ndani ya mshipa wake.

Mshipa mkubwa wa damu tumboni ulikuwa umevimba kama puto, na wakati wowote ungeweza kupasuka. Daktari alitaka kutandika mrija wa kitambaa ndani yake, damu ipite humo.

"Bomba ndani ya bomba," fundi alisema. "Hata mimi ningeiweza kazi hii."

"Mabomba yako hayavuji damu, kaka. Tulia."

Chini ya uvimbe, karibu na nyonga, ndipo liliposhonewa figo alilopewa na dada yake. Mrija ungekaa vibaya, figo lingekosa damu. Asubuhi dada alimvuta sikio mlangoni: "Nimekupa moja. Sina jingine la kukupa."

Mrija ukafunguka. Daktari akaingiza dawa ya kuonyesha mishipa, kidogo sana, isije ikaliumiza figo.

Kwenye skrini, damu ikashuka nyeusi, imenyooka, ikaupita uvimbe bila kuugusa. Karibu na nyonga uzi mmoja ukachepuka, ukagawanyika, vitawi vikazaa vitawi, mpaka figo zima likajitokeza, likijaa kila moyo ulipopiga.

Miaka yote alilijua kama donge chini ya ngozi.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo. Linakunywa vizuri kabisa."

Machozi yakamtiririka hadi masikioni. "Dada yuko hapo nje. Mwiteni alione."

"Haruhusiwi kuingia humu."

"Basi msiizime skrini kwanza."